Wapangaji wa simu zetu wenyewe

Jamani, hebu tuanze na swali la kizushi. Hiyo simu uliyoishika, ni ya nani?

Usiniambie ni yako kwa sababu ulitoa hela. Kutoa hela hata mimi natoa. Kila baada ya miezi sita nampelekea kodi mzee mmoja wa Sinza, ambaye nikigonga msumari ukutani bila kumuuliza, simu inaita. Nalala humo ndani, napika humo, naugulia humo, lakini nyumba si yangu na wote wawili tunalijua hilo. Tena mzee wangu huyu namheshimu kwa jambo moja: hajawahi kuniambia kwamba nimenunua.

Wauza simu na programu hawana ustaarabu huo. Wanakuuzia, wanakupa risiti na mfuko mzuri, halafu ukifika nyumbani unagundua umepanga.

Hasira hizi hazikutoka hewani. Mwezi uliopita nilikuwa Muheza kwenye arobaini ya shangazi yangu. Katika kupanga vitu vya marehemu likatoka boksi la viatu limejaa kanda. Taarabu, dansi, na zile za Bongo Flava za mwanzo ambazo sisi watoto tulikuwa tunazigombania. Chini kabisa kulikuwa na TDK moja ya dakika tisini, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mama, Idi 1994". Huyo mama wa shangazi ndiye bibi yangu. Alifariki mwaka 1999, mimi nikiwa darasa la kwanza, na kusema kweli sura yake naijua kwa picha tu.

Utepe ulikuwa umelegea na kutoka nje kidogo kama ulimi. Mjomba akaomba kalamu ya Bic, akaiingiza kwenye tundu, akazungusha taratibu kama mtu aliyeifanya kazi hiyo mara elfu. Jirani akaleta redio kaseti yake. Tukabonyeza. Kwanza mvumo, kisha kuku, kisha bibi, anamgombeza mtu asikanyage mkeka na viatu. Nyumba nzima ikanyamaza. Binamu yangu mdogo, ambaye hakumkuta bibi, akauliza, "Ndiye yeye?"

Zaidi ya miaka thelathini, jamani! Kanda imelala kwenye boksi la viatu, kwenye joto la Muheza na unyevu wa masika, na haikumuomba mtu neno la siri.

Sasa nikueleze upande wa pili. Mwaka 2015, ndio kwanza naanza uandishi, nilikaa barazani na babu, mume wa bibi huyo huyo, nikamrekodi kwa simu dakika arobaini na moja. Babu alikuwa fundi kwenye mashine za mkonge, zile ambazo wenyewe wa Tanga wanaziita korona. Alinieleza jinsi alivyokuwa anaujua ugonjwa wa mashine kwa kusikiliza mlio tu, kabla hajaifungua. Nilitumia programu moja nzuri sana, ya bure, ambayo ilikuwa inapeleka sauti kwenye seva za wenye programu. Nikajiona mjanja. Nilijiambia, simu ikiibiwa kwenye daladala, babu yuko salama huko mawinguni.

Babu akafariki 2018. Mwaka uliofuata nikaifungua ile programu ili niandike habari zake, nikakuta kampuni imefunga huduma. Kumbe walituma barua pepe ya kuaga kwenye anwani yangu ya zamani niliyokwisha kuiacha. Hiyo simu bado ninayo. Programu inafunguka vizuri tu. Jina la rekodi linaonekana kabisa, "Babu korona 41:07". Ukibonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinatafuta seva ambayo haipo tena duniani.

Sitaitaja kampuni. Nikiitaja utasema, ah, kile kikampuni ndicho kibovu, halafu utarudi kwenye shughuli zako. Mimi sigombani na kikampuni. Nagombana na mtindo mzima.

Najua wapo wenzangu ambao hapa wameshaanza kucheka. "Huyu naye anazeeka mapema, sasa atalilia kitochi." Ndiyo, na kitochi nacho nitakililia, nisubirini.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nadhani milioni kadhaa za hizo zilipita mikononi mwa shangazi na wajomba zetu. Sisi tuliiita kitochi, ndugu zetu wa Kenya wakaita simu za namna hiyo mulika mwizi. Haikuwa na kamera. Ujumbe ukijaa ulilazimika kufuta barua ya mpenzi ili upokee ya mpenzi mwingine. Lakini mgongo wake ulikuwa unafunguka kwa ukucha wa kidole gumba, na ndani kulikuwa na betri, BL-5C, ambayo mtoto wa darasa la tatu alijua kuitoa. Ikivimba, unainunua nyingine. Kama simu haina chaji na umeme umekatika, unaitoa betri unaipeleka kwenye duka lenye jenereta, inabanwa kwenye chaja ya kobe, na wewe unaendelea na safari zako. Nenda Kariakoo leo ukanunue redio ndogo ya Kichina, ifungue nyuma. Usishangae kukutana na betri ya muundo ule ule.

Tena hebu tuilinganishe kwa haki, maana betri za zamani nazo zilikuwa na maafa yake. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji. Milioni 46! Dawa ikawa nini? Fungua mgongo, soma namba ya betri, kama imo kwenye orodha utapewa betri nyingine. Simu unabaki nayo, na majina yako, na picha ya opereta uliyoinunua kwa vocha.

Halafu ikaja 2016. Samsung Galaxy Note 7 zikaanza kuwaka moto kwa sababu ya betri. Safari hii zilikuwa simu kama milioni 2.5 zilizoitwa zirudi, na ilipofika Oktoba simu yenyewe ikafutwa kabisa sokoni. Ugonjwa ulikuwa wa betri, lakini betri ilikuwa imegandishwa ndani, basi ikabidi kuzika simu nzima. Abiria walikatazwa kupanda nazo ndege. Hesabu hiyo nakuachia mwenyewe: milioni 46 zimetibiwa kwa ukucha, milioni mbili na nusu zimeshindikana na kiwanda kizima cha wahandisi.

Ukiwauliza kwa nini mliziba, wanasema maji. Simu isiyoingia maji lazima ifungwe kwa gundi. Hoja hii inarudiwa hata na watu wenye akili zao, nami niliiamini kwa muda. Mpaka nilipokumbuka Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014, simu ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ilikuwa inahimili kuzamishwa kwenye maji na mgongo wake unafunguka kwa kucha na betri inatoka. Mwaka uliofuata ikaja S6: betri imefungwa, sehemu ya memori kadi imeondolewa, na uwezo wa kuhimili maji nao wakauacha. Kwa hiyo maji yana kosa gani hapo?

Wanachokitaka ni simu ife na betri yake. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza makusudi kasi ya iPhone za zamani zenye betri iliyochoka, kwa njia ya apdeti. Walisema ni kuzuia simu isizimike ghafla, na sikatai kwamba sababu hiyo ina ukweli ndani yake. Ila hawakumwambia mwenye simu. Mtu akaona simu imekuwa nzito kama kompyuta za maabara ya shule, akajua imezeeka, akaenda kununua mpya, kumbe angebadilisha betri tu. Makelele yalipozidi wakaishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Nakuuliza tena: mtu anayeingia usiku kwenye simu yako akaipunguza nguvu bila kukuambia, yeye na wewe nani mwenye simu?

Kwenye suala la mafundi ndipo hasa damu yangu inachemka. Sisi huku hatukuwahi kuwa na viwanda vya simu, lakini tulikuwa na Mtaa wa Aggrey, na Nairobi walikuwa na Luthuli. Vijana waliomaliza kidato cha nne, wengine hawakumaliza, wamekaa kwenye meza yenye kioo na taa, wanafufua maiti. Hawakufundishwa na mtengenezaji yeyote. Walijifunza kwa kufungua. Mwaka 2021 iPhone 13 ilipotoka, fundi wa nje ya mtandao wa Apple akichukua kioo halisi, kilichotoka kwenye iPhone 13 nyingine mpya kabisa, akakipachika, utambuzi wa uso ulikuwa unazimika. Kioo ni kile kile, kiwanda ni kile kile, ila simu ilikuwa imeandikiwa imkatae fundi. Baadaye Apple walilegeza kwa apdeti, baada ya mafundi wa Ulaya na Marekani kupiga kelele. Mafundi wetu hakuna aliyewasikia. Nani angewasikia, wakati sisi wenye kalamu tulikuwa bize kuandika kamera ina megapikseli ngapi?

Nitarudi kwenye hilo la kalamu, maana na mimi nimo.

Tuhame kidogo kwenye muziki na vitabu, kwa sababu huko upangaji umekwisha kukamilika. Niliposoma sekondari, mwenye Winamp kwenye kompyuta alikuwa mtu mkubwa mtaani. Unaingia intaneti kafe, unapakua wimbo mmoja kwa saa nzima ukisali umeme usikatike, unauchoma kwenye CD pamoja na mingine kumi na nane, unaandika orodha kwa maka peni. Nyingi zilikuwa za wizi, tusidanganyane, na wasanii wetu hawakupata senti. Hata kanda zile za boksi la shangazi, nusu yake ni za kudurufu. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Mwanamuziki wa wakati ule alikuwa ananyonywa na msambazaji na anaibiwa na mimi.

Ila leo nalipa. Nalipa kila mwezi kwa kadi, kama raia mwema, nikajenga orodha yangu ya nyimbo za utotoni. Nikiifungua nakuta baadhi zimegeuka rangi ya kijivu. Hazichezi. Mkataba wa fulani na fulani umekwisha, au hati miliki ina ugomvi, mimi hainihusu kuambiwa. Na siku nikikosa hela ya mwezi mmoja, maktaba yangu ya miaka yote inafungwa kama chumba cha mpangaji aliyewekewa kufuli la pili mlangoni.

Utasema muziki ni starehe tu. Haya, vitabu. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye visomeo vya Kindle vya wateja wao Marekani wakafuta vitabu ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Unajua vitabu gani? Vya George Orwell! Mojawapo ni 1984, na kingine ni kile ambacho sisi tumekisoma kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Fedha zilirudishwa, mkubwa wao Jeff Bezos akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vikatoweka kwa wateja, fedha zikarudishwa. Nakala yangu ya Shamba la Wanyama haina jalada na kuna mtu amechora masharubu kwenye ukurasa wa tatu. Hakuna awezaye kuingia chumbani kwangu Sinza usiku akaichukua na kuniachia shilingi elfu nne mezani, kisha tukaita hiyo biashara.

Na waliopoteza bila hata kurudishiwa fedha ni wengi zaidi. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace, katika kuhamisha seva, walipoteza nyimbo zote ambazo watu walizipandisha kati ya 2003 na 2015. Makadirio yaliyotajwa wakati ule ni nyimbo milioni 50. Bendi za vijana, rekodi za chumbani, watu ambao hawakuwa na nakala nyingine popote kwa sababu waliamini kama nilivyoamini mimi. Yahoo Messenger ilizimwa Julai 2018 na mazungumzo yetu yote ya usiku. Kila mmoja wa kizazi changu ana kaburi lake la namna hii, hebu hesabu la kwako.

Kuna neno tulilikariri kwenye somo la siasa la wazazi wetu, wengi tumelikuta kwenye vitabu vya uraia tu: ukabaila. Tulidhani ni mambo ya wafalme wa Ulaya. Lakini huko Bukoba kulikuwa na nyarubanja. Mkulima analima, anapanda, anavuna, familia yake iko hapo miaka na miaka, lakini ardhi ni ya mwingine na mavuno yana mgao wa mwingine. Serikali iliyopata uhuru iliona hiyo ni aibu, na katika miaka ya 1960 ikaifuta kwa sheria. Sasa niambie tofauti. Mimi ndiye niliyeandika, niliyepiga picha, niliyerekodi, niliyelipa. Ardhi ni ya mwingine, na siku akiamua kubadilisha matumizi ya shamba lake mimi na migomba yangu tunang'olewa kwa barua pepe. Mwaka 1965 walikuwa na bunge la kulipelekea shauri. Mimi nina kitufe cha "Nakubali" chini ya kurasa arobaini za Kiingereza cha mawakili.

Wapo wanaoniambia kwamba huo uonevu ni wa wenye simu za bei mbaya, mwananchi wa kawaida haumhusu. Unamhusu yeye kwanza! Angalia hizi simu za mkopo. Kule Kenya Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020: unatanguliza kiasi, halafu unalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, ukiacha kulipa simu inafungwa kwa mbali. Mikopo ya namna hiyo leo imejaa hata huku kwetu. Dereva wa bodaboda amelala njaa jana, leo simu imejifunga, na bila simu hapati abiria wa kumpa hela ya kuifungua. Inaumiza. Lakini nitasema jambo ambalo labda litakushangaza: hao wa mkopo ndio wakweli kuliko wote. Wanakuambia mapema kwamba si yako, na wanakuambia itakuwa yako lini. Ukimaliza deni, kufuli linatoka. Wewe uliyelipa milioni mbili taslimu dukani Mlimani City, kufuli lako linatoka lini?

Na kama bado unadhani simu huzimwa na mwenye nayo, kumbuka Juni 2016. TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, kama Kenya walivyofanya mwaka 2012. Siingii hapa kwenye ubishi kama serikali ilikuwa na haki. Simu feki zina madhara yake na onyo lilitolewa miezi kadhaa kabla. Nakumbusha tu hisia ya asubuhi ile. Kitu kiko mkononi mwako, umekinunua, kina chaji, na hakikutambui. Watu walikuwa wanazitikisa.

Sasa nijipige kofi na mimi, maana kulaumu wazungu na wachina tu ni kazi rahisi.

Kiswahili kimetupa bahati ambayo Kiingereza hakina. Wenzetu wana neno moja kwa vitu viwili, wanalazimika kueleza kila siku. Sisi tuna bure na tuna huru, na bado tukavichanganya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, yote kwa Kiswahili. Hawakumuomba mtu ruhusa. Ile ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, unaufungua, unautafsiri, unaugawa. Microsoft nao walileta Kiswahili baadaye, walipotaka wao. Na sisi tulifanya nini? Tukaipita Jambo kama nguo ya mtumba iliyochanika, tukaenda Kariakoo kununua CD ya Windows ya wizi. Tulikuwa tumepewa kilicho huru, tukachagua kilicho bure. Mwizi naye ni mpangaji, tofauti ni kwamba hana hata mkataba.

Wenye huria wana hadithi moja ninayoipenda. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice. Watengenezaji wengi hawakumwamini mwenye nyumba mpya. Basi wakachukua msimbo wote, wakaondoka, wakauita LibreOffice, na mpaka leo iko hai na inafanya kazi. Walihama na nyumba yao kichwani kama konokono. Mimi na babu yangu hatukuweza kuhama na hata dakika moja kati ya zile arobaini na moja.

Na kalamu? Nimeandika tathmini za simu kwa miaka. Unaalikwa hotelini, unapewa soda na sambusa, kijana mwenye suti anaonyesha picha ya machweo iliyopigwa na simu mpya, unarudi ofisini unaandika aya sita. Sijawahi, narudia sijawahi, kusimama na kuuliza: betri inatoka? Spea zitauzwa mpaka mwaka gani? Apdeti za usalama zitakoma lini? Mkifunga huduma, vitu vyetu tunavichukuaje? Maswali manne. Hayahitaji shahada. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji, na ingawa wameacha mianya humo ndani, angalau bunge limekaa likajadili betri. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na tuna Tume ya Ushindani yenye kazi ya kumlinda mlaji. Ni wa kuulizwa. Simu ile ile inayouzwa Berlin ikiwa na mgongo unaofunguka, ikija Dar isije imegandishwa kwa gundi kwa sababu hakuna mwandishi aliyeinua mkono.

Rafiki yangu mmoja, programa, ambaye tunabishana naye kila Ijumaa, anasema napoteza muda. Anasema watu wanapenda kupanga, ni nafuu, ni rahisi, hakuna anayetaka kubeba maboksi ya kanda. Ana hoja. Mimi mwenyewe nimepanga, sitajenga Sinza mwaka huu wala mwakani. Lakini mpangaji anayejua kuwa ni mpangaji huwa na akili zake. Hajengi kisima kwenye kiwanja cha mtu. Hazikii watu wake uani.

Kwa hiyo nimeanza kuhama polepole. Picha nazitoa kwenye simu kila mwisho wa mwezi naziweka kwenye diski mbili, moja iko kwa mama. Nyimbo ninazozipenda kweli nazinunua kama faili, na pale msanii anapouza mwenyewe namlipa yeye. Rekodi za kazi nazihifadhi kwa MP3 ya kawaida, ambayo hati miliki zake za uvumbuzi zilikwisha muda 2017 na hakuna wa kuizima. Kanda ya bibi tumeinakili, nakala tano, kila mtoto wa shangazi ana yake. Binamu mdogo ameigeuza mlio wa simu: kila akipigiwa, bibi anagomba mtu asikanyage mkeka.

Ile simu ya 2015 niliipeleka Aggrey Jumamosi iliyopita. Kuna fundi aliniambia kwamba wakati mwingine programu za namna ile zilikuwa zinaacha nakala ya muda ndani ya simu kabla ya kuipeleka kwenye seva, na kama haijaandikwa juu yake kitu kingine huenda kikabaki kipande. Nikamuuliza bei. Akaifungua mgongo kwa hewa ya moto, polepole, gundi ikitoa harufu, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akasema nisilipe kwanza, nirudi Jumatano.